Stesheni ya Voi na Deni la Fasihi ya Kiswahili

Penye miti hapana wajenzi. Methali hii inauafiki mji wa Voi kuliko miji mingi ya Kenya. Msafiri anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi hufika hapo baada ya kilomita zipatazo 160. Akiwa katika basi, hushuka kunyoosha miguu na kununua chupa ya maji. Akiwa katika garimoshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, huchungulia dirishani akitarajia kuwaona ndovu wa Tsavo. Kisha safari huendelea. Voi hutajwa kwa sababu ya wanyama, kwa sababu ya njia panda ya kwenda Taveta, na kwa sababu ya mashamba ya katani yaliyo jirani. Ni nadra kusikia mji huo ukitajwa kuwa mahali ambapo, kati ya mwaka 1915 na 1916, stesheni ndogo ya reli iligeuzwa kuwa mlango wa vita vilivyowameza maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki.

Kusahaulika huko si kosa la msafiri. Msafiri hujua alichosimuliwa. Swali linalostahili kuulizwa katika kurasa kama hizi ni hili: ni nani aliyepaswa kumsimulia, na kwa lugha gani?

Ili kuelewa kilichotokea Voi, yafaa kwanza kuitazama ramani ya mwaka 1914. Upande wa Waingereza kulikuwa na Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Upande wa Wajerumani kulikuwa na Reli ya Usambara, iliyotoka Tanga hadi Moshi. Reli hizi mbili zilitenganishwa na mpaka, Mlima Kilimanjaro na nyika kavu ambayo maji yake ni ya kutafutwa. Mji wa Taveta ulikuwa katikati, karibu kabisa na mpaka. Vita vilipozuka Ulaya mwezi Agosti, Wajerumani hawakukawia: tarehe 15 Agosti 1914 waliiteka Taveta. Kutoka hapo, reli ya Waingereza ilikuwa mbali kiasi cha kilomita 110 tu, na stesheni iliyokuwa mkabala na njia hiyo ilikuwa Voi.

Reli ya Uganda ilikuwa uti wa mgongo wa himaya nzima ya Waingereza. Kila askari, kila gunia la unga na kila kasha la risasi lililoshushwa bandarini Mombasa lilipita juu ya vyuma vile viwili. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Wajerumani, alilitambua jambo hilo mapema. Vikosi vidogo vya watu wake, wakiwemo askari Waafrika na wapagazi, vilivuka nyika kwa miguu, aghalabu usiku, vikiwa na baruti na maji ya kuhesabu kwa vikombe. Katika mwaka 1915 reli ililipuliwa mara nyingi. Waingereza walijaribu kujikinga kwa kutanguliza behewa lenye shehena ya mchanga mbele ya injini, ili mlipuko ukitokea uanze na mchanga. Fundi wa reli, mtia kuni katika injini na mlinzi wa daraja, watu ambao kazi yao kabla ya hapo ilikuwa kusafirisha bidhaa, walijikuta mstari wa mbele bila ya kuombwa ridhaa.

Mwaka huohuo wa 1915 ilianza kujengwa njia mpya ya reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kwa ajili ya vita pekee. Wahandisi wake walikuwa wa vikosi vya reli vilivyoletwa kutoka India. Kufikia katikati ya mwaka reli ilikuwa imefika Maktau. Tatizo kubwa kuliko adui lilikuwa maji. Injini za mvuke hunywa maji kuliko kundi la ng'ombe, na jeshi nalo huwa na kiu yake. Maji yaliteremshwa kwa bomba kutoka milima ya Bura, na mengine yakabebwa na garimoshi lenyewe. Tarehe 14 Julai 1915 Waingereza walishambulia Mbuyuni wakarudishwa nyuma. Tarehe 12 Februari 1916 walikishambulia kilima cha Salaita. Wanajeshi kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wamefika karibuni na ambao wengi wao waliwadharau askari weusi wa upande wa pili, walitimuliwa na askari haohao, wakaokolewa na kikosi cha Wabaluchi kutoka India. Mwezi uliofuata, Jenerali Jan Smuts akiwa ameshika uongozi, Taveta ilikombolewa, kukawa na mapigano makali katika vilima vya Latema na Reata. Reli ya kutoka Voi ikasogezwa hadi Kahe na kuungana na ile ya Usambara. Reli za mahasimu wawili zikawa reli moja.

Hadi hapo ni historia inayopatikana vitabuni. Imeandikwa na majenerali, na wanahistoria waliosoma kumbukumbu za majenerali. Ina tarehe, ina vilima, ina idadi ya mizinga. Kinachokosekana ni mtu aliyekuwa ameketi chini kando ya stesheni ya Voi akisubiri kuambiwa asimame.

Mtu huyo alikuwa mpagazi. Kuwapo kwake kunaelezwa na hesabu rahisi. Katika nyanda za mbung'o, farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mikokoteni walikufa kwa wingi. Magari ya mafuta yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Hivyo, pale reli ilipokoma, mgongo wa binadamu ulianza. Lakini mpagazi naye hula. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya shehena ilivyokuwa chakula cha wabebaji wenyewe, na ndivyo walivyohitajika wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Hesabu hii ndiyo iliyoyafanya mahitaji ya watu yasiwe na kikomo. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwaandikisha watu kwa lazima, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa kuliko yote. Kwa jumla, katika maeneo yote yaliyokuwa chini ya Waingereza, watu wapatao 1,000,000 walipita katika kazi hiyo. Waliokufa, kwa hesabu rasmi za wakati ule zenyewe, wanakaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga usioiva vizuri.

Hapa ndipo suala hili linapoingia katika ukumbi wa Kiswahili. Wapagazi walitoka kila upande: Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Wamijikenda, Wataita na wengine wengi. Aliyetoka Nyanza hakuwa na lugha ya kuongea na aliyetoka Ukambani, wala wote wawili hawakuwa na lugha ya kuongea na fundi wa reli kutoka India au afisa kutoka Uingereza. Lugha iliyowakutanisha, ikavunjwavunjwa na kuungwaungwa katika vinywa vyao, ilikuwa Kiswahili. Kwa Kiswahili waliamrishwa kuamka, kwa Kiswahili walihesabiwa, kwa Kiswahili waliomba maji. Wataalamu wa isimujamii hupenda kuzitaja shule, misheni na biashara wanapoeleza jinsi Kiswahili kilivyoenea bara. Wangefanya vyema kuiongeza kambi ya wapagazi katika orodha hiyo, na kuiweka karibu na mwanzo.

Lugha yenyewe haikusahau. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo masikio ya Waafrika yalilisikia kuwa Kariakoo. Jina hilo lingalipo katika soko la Dar es Salaam na, kwa umbo la Kariokor, katika mtaa wa Nairobi. Jeshi la kikoloni la Waafrika nalo likaitwa Keya, kutokana na herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza. Mamilioni ya watu hutamka Kariakoo kila siku wakienda kununua nyanya na vitenge. Lugha imeihifadhi kambi, lakini haikuachiwa nafasi ya kuwahifadhi waliolala kambini. Jina limebaki kama gamba la konokono ambaye hayumo tena.

Wapo pia walioonja vita hivi bila kubeba mzigo wa jeshi lolote. Kusini mwa Voi unasimama mlima Kasighau. Wajerumani waliokuja kulipua reli walipita katika eneo hilo, na mwaka 1915 wakazi wake walituhumiwa na Waingereza kwamba waliwasaidia adui. Vijiji vyao vilichomwa, na wenyeji wakahamishwa hadi Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani walitupwa katika joto la pwani lenye malaria, na wengi wakafia huko. Walioponea walikaa uhamishoni takriban miaka 20, na haikuwa hadi miaka ya 1930 ndipo waliporuhusiwa kurejea mlimani kwao. Hiyo ndiyo gharama ya kuishi jirani na reli ya wenye nguvu: ikilipuliwa, jirani ndiye anayeulizwa.

Kumbukumbu hizi zimetunzwaje? Mlinganisho mmoja watosha. Hatua chache za garimoshi kutoka Voi ndiko kuliko na daraja la Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli. Simba hao wana kitabu kilichochapishwa mwaka 1907 na kinachosomwa hadi leo. Wana filamu. Ngozi zao zilinunuliwa, zikajazwa, na wamesimama katika jumba la makumbusho mjini Chicago, ambako watoto wa shule hupelekwa kuwatazama. Simba wawili wanajulikana dunia nzima. Mpagazi aliyepita katika reli hiyohiyo miaka 17 baadaye hajulikani hata katika tarafa aliyotoka.

Upo ukumbusho wa mwaka 1928 katikati ya jiji la Nairobi, katika barabara ya Kenyatta. Mpagazi ni mmoja wa sanamu tatu zilizosimama hapo, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi hayo yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watayakumbuka majina ya baba zao. Ahadi hiyo imechongwa juu ya jiwe lisilo na jina hata moja. Mjini Voi, Maktau na Taveta yapo makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, lakini atakayeyazuru kuwatafuta wapagazi wa Kiafrika atasumbuka sana kusoma mawe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, au hawakuadhimishwa kabisa. Tume iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini radhi haisimulii hadithi ya mtu.

Kusimulia ni kazi ya fasihi, na fasihi ya Kiswahili haikuwa ngeni katika kazi hiyo. Wajerumani walipoitwaa pwani ya Mrima, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliyatungia mapambano hayo utenzi. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipata utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipata Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Kati ya Maji Maji na Shaaban Robert kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo ilimo stesheni ya Voi. Vita Vikuu vya Kwanza havikupata katika Kiswahili kazi iliyokita mizizi madarasani kama hizo tatu.

Wakati huohuo, waandishi wa Kiingereza hawakulala. William Boyd aliandika riwaya ya vita vya eneo hili mwaka 1982. M. G. Vassanji alianzia simulizi ya The Book of Secrets, ya mwaka 1994, katika mji wa kubuni wa mpakani karibu na Taveta. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliufikisha uhusika wa kijana Yusuf hadi kwenye kizingiti cha vita hivi katika Paradise, ya mwaka huohuo, na akavirudia katika Afterlives mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya kutunukiwa Tuzo ya Nobeli. Mwaka 2022 riwaya ya Paradise ilitoka kwa Kiswahili ikiitwa Peponi, kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Ni jambo la kushangilia. Ni jambo la kutahayarisha pia, kwamba mtu aliyeburutwa vitani kwa amri za Kiswahili arudi katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri kutoka Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu na havistahili wino wa Mwafrika. Dai hili lina ukweli nusu. Sababu za vita zilikuwa za Wazungu. Maiti hazikuwa za Wazungu peke yao. Kumkataa mpagazi kwa kuwa alimbebea mkoloni ni kumhukumu kwa kosa ambalo hakulitenda, maana wengi walikamatwa na machifu usiku na kufikishwa kambini chini ya ulinzi. Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya Idara ya Historia. Mwanahistoria ana kazi yake, na ameifanya. Kitabu cha Geoffrey Hodges kuhusu wapagazi ni ushahidi. Lakini mwanahistoria huuliza walikuwa wangapi na walikwenda wapi. Ni mtunzi anayeuliza mtu huyo alimwita nani giza lilipoingia, alidanganywa nini kuhusu garimoshi, na mkewe alimsubiri kwa misimu mingapi ya kilimo kabla ya kukata tamaa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuzifikia jamaa zao kwa kisingizio kwamba jamaa hao hawakujulikana. Swali la jamaa hao ni akina nani bado liko wazi, na fasihi ina haki ya kulijibu.

Wapo, hatimaye, watakaosema kwamba wakati umepita. Hawa ndio wanaostahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa karibu wana haki. Hakuna mpagazi aliye hai. Lakini mtoto wa Kasighau aliyezaliwa uhamishoni Malindi mwaka 1935, akiwa bado hai, ana umri wa miaka 90 hivi. Aliisikia habari ya mwaka 1915 kutoka kwa mama aliyeiona mioto. Wajukuu wa wafanyakazi wa reli wangali Voi. Yapo majina ya mahali, majina ya watoto, misemo na nyimbo za kazi ambazo hakuna aliyezirekodi. Mnyororo haujakatika, umebakiza pingili moja au mbili.

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya zina nguvukazi ambayo Idara nyingine zingeionea wivu. Kila mwaka wanafunzi hufundishwa mbinu za kukusanya fasihi simulizi, kisha wengi hurudi na ngano zilezile za sungura na fisi ambazo zimekwisha kukusanywa mara mia. Hakuna ubaya katika ngano. Lakini kundi moja la wanafunzi kumi, likipelekwa Voi, Maktau, Kasighau na Taveta kwa majuma mawili, lingeweza kurudi na hazina isiyopatikana popote pengine. Lichukue pamoja nalo wanaojua Kidawida na Kitaveta, kwa sababu mzee hukumbuka vizuri zaidi kwa lugha aliyolelewa nayo. Liyalinganishe masimulizi hayo na hati zilizomo katika Nyaka za Taifa jijini Nairobi, kwa kuwa kumbukumbu ya mdomo hupinda kama chuma cha reli juani, na mtafiti hana budi kujua imepinda wapi. Vyama vya wanafunzi, ambavyo kila mwaka huandaa mashindano ya mashairi juu ya ukimwi, rushwa na amani, vinaweza kutenga mwaka mmoja kwa ajili ya utenzi wa wapagazi. Wahadhiri wanaweza kuzikubali tasnifu za namna hii bila kuuliza kama ni fasihi au historia.

Jambo moja la kuepukwa ni kuwageuza watu hawa kuwa mashujaa wa sanamu. Ukumbusho wa mwaka 1928 ulikwisha kufanya hivyo, ukawasifu kwa kufa kwa ajili ya mfalme ambaye hawakumjua. Kinachotakiwa ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: mtu mmoja, jina moja, kijiji kimoja, mzigo mmoja.

Reli ya zamani iliacha kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, na stesheni mpya ya Voi imejengwa kando. Waashi na wahandisi wamekwisha kuujenga mji wa Voi mara mbili, mwanzo kwa chuma chembamba na sasa kwa chuma kipana. Wajenzi ambao bado hawajafika ni wa maneno. Miti iko, na baadhi yake ina umri wa miaka 90.